Mbwa wa Alaska na Mashua za Lamu

Huko Alaska, jimbo la Marekani lililo kaskazini kabisa, kila mwezi wa Machi hufanywa mashindano ya mbwa. Si mbwa wa kukimbizana uwanjani, bali ni mbwa waliofungwa hatamu makundi kwa makundi, wakivuta gari lisilo magurudumu litelezalo juu ya theluji, na nyuma yake amesimama mtu mmoja tu. Huondoka upande wa Anchorage wakaenda hadi Nome, mwendo wa kama kilomita 1,600. Msomaji wa Mombasa atakaye kuupima mwendo huo na afikirie lori litokalo Kilindini likaenda hadi Kigali. Mashindano hayo yaitwa Iditarod, na mara ya kwanza kufika Nome ilikuwa mwaka 1973.

Najua kuna wasomaji waliokwisha kunja uso. Mbwa na sisi wapi na wapi? Sisi tuliosomeshwa kwa madhehebu ya Imamu Shafii twajua kwamba mbwa akikuramba mkono huna budi kuuosha mara saba, moja yake kwa udongo. Basi nisieleweke vibaya. Siji hapa kumwambia mtu afuge mbwa Tononoka. Lakini tusisahau pia kwamba Kurani yenyewe, katika Suratul Kahf, imemtaja mbwa aliyekuwa mlangoni mwa pango pamoja na wale vijana wema, na katika Suratul Maida imehalalisha windo la mnyama aliyefunzwa kuwinda. Akitajwa mbwa si lazima tuzibe masikio. Nilichokifuata mimi huko Alaska ni somo, mbwa nawaachia wenyewe.

Somo lenyewe ni hili. Walimu wengi wa Marekani, siku za mashindano hayo zinapofika, husomesha masomo yao ya kila siku kwa kuyafuata mashindano yakiwa yangali yaenda. Kila mtoto huchagua mshindani mmoja. Kila gari lina chombo kidogo kinachopeleka habari kwa setilaiti, na darasani kuna ramani ukutani. Asubuhi mtoto huangalia mtu wake amefika wapi, ametumia saa ngapi kutoka kituo hadi kituo, na mbwa wake wangapi wangali na nguvu. Hapo hesabu za mwendo na wakati huja zenyewe. Sheria yamlazimisha kila mshindani apumzike saa 24 mfululizo mara moja, na saa 8 mara mbili. Apumzike wapi? Mapema, mbwa wapate nguvu za mbele, au baadaye wakichoka? Mtoto sharti apige hesabu ajibu, kisha aone mwenye mbwa ameamua vipi.

Jiografia imo humo. Miaka ya shufwa njia hupita upande wa kaskazini, miaka ya witiri hupita upande wa kusini, ili mzigo wa kuwapokea wageni usiviangukie vijiji vile vile kila mwaka. Sayansi nayo imo: mnyama ale nini apate joto, miguu yake ivishwe nini isichanike kwa barafu, na kwa nini vipimajoto viwili, kile cha sentigredi na kile cha farenhaiti, visivyokubaliana popote, hukutana mahali pamoja tu, nyuzi 40 chini ya sifuri. Mwishoni mwa miaka ya 1990 waandalizi walianza hata kumteua mwalimu aende huko huko njiani, awaandikie watoto anayoyaona.

Historia imo pia. Mwanzoni mwa mwaka 1925 mji wa Nome ulishikwa na dondakoo, maradhi ya kuwaua watoto kwa kuwaziba pumzi. Dawa ilikuwa mbali na bahari imeganda. Garimoshi likaichukua hadi mahali paitwapo Nenana, na kutoka hapo watu 20 wakapokezana kwa mbwa wapatao 150, usiku na mchana, mwendo wa kama kilomita 1,085, kwa siku 5 na nusu. Mwalimu akiisha kuwasimulia watoto kisa hiki, huwauliza: walikwenda kilomita ngapi kwa saa? Mtoto akigawanya apate 8 na kidogo, tarakimu ile haitamtoka kichwani, kwa sababu mwisho wake kuna watoto wenziwe waliokuwa wakingoja pumzi.

Sasa mtu ataniambia: hesabu, ramani na historia zote zimo vitabuni, na vitabu tunavyo. Ni kweli. Lakini kuna jambo moja ambalo kitabu hakina wala hakiwezi kuwa nalo. Katika mashindano yanayokwenda, jawabu halijazaliwa. Mwalimu halijui, mkaguzi halijui, na aliyetunga mtihani halijui. Mwaka 1978, baada ya safari ya siku zaidi ya 14, wa kwanza na wa pili walipitana kwa nukta moja, yaani sekunde moja tu. Ni mwalimu gani angeweza kuliandika jawabu hilo nyuma ya kitabu?

Hapa ndipo penye maneno yangu ya leo. Watoto wetu tunawasomesha kana kwamba kila swali la dunia hii limekwisha jibiwa, na kazi yao ni kulikumbuka jawabu. Mimi nimelelewa chuoni kwa juzuu na bakora, na sina neno nalo. Maalimu wetu alikuwa akiijua kila herufi kabla hatujafungua mdomo, na ndivyo ipasavyo, kwa kuwa Kitabu cha Mwenyezi Mungu hakibahatishwi. Huhifadhiwa kama kilivyoshuka. Lakini upepo si aya. Maji kujaa na kupwa si aya. Nguvu za mnyama na werevu wa nahodha si vitu vya kuhifadhi na kutamka. Ni vitu vya kuangalia, kukisia, kupima, na kisha kujiuliza mbona makisio hayakwenda sawa. Tumechukua njia iliyo bora kwa chuo tukaifanya njia pekee kwa skuli.

Wala asiseme mtu kwamba mashindano ni upuuzi wa kizungu. Katika Sahihi ya Bukhari imo habari iliyosimuliwa na Ibn Umar kwamba Mtume (S.A.W.) alishindanisha farasi. Waliofanyiwa mazoezi hadi wakapungua miili walikimbia kutoka Hafya hadi Thaniyatul Wadaa. Wasiofanyiwa mazoezi walipewa njia fupi, kutoka Thaniya hadi msikiti wa Bani Zuraiq. Naye Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana. Wapokezi wa habari hiyo hawakutosheka kutaja majina ya mahali. Walitaja na masafa: ile ya kwanza maili tano au sita, wengine wakasema sita au saba, na ile ya pili maili moja au kama hivyo. Tazama basi, msomaji wangu. Mna humo vipimo, mna mahali, mna elimu ya kumfunza mnyama, na mna uadilifu wa kutomshindanisha mnyonge na mwenye nguvu. Wazee wetu wa elimu waliona kwamba yafaa kuyahifadhi hayo.

Hapa Kenya nasi tulikuwa na mashindano ya kuweza kusomesha nchi nzima. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na sisi tuliozaliwa mwanzo wa miaka ya 1970 tulikua nayo. Pasaka ikifika redio ya Sauti ya Kenya haizimwi. Shekhar Mehta, aliyekwisha kushinda mwaka 1973, akashinda tena mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, na vijana wa mtaani tukagombana kila siku juu ya dakika za adhabu kana kwamba tumeajiriwa kuzihesabu. Majina ya miji ya bara ambayo hatujapata kuikanyaga tuliyajua kwa mpango wa njia. Wakubwa zetu wakatusimulia kwamba mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakafika 7 tu, sehemu moja katika kumi na mbili. Skuli zilipofunguliwa, hakuna mwalimu aliyetuuliza hata neno moja juu ya hayo. Tulirudishwa kwenye hesabu ya hodhi linalojazwa na bomba mbili, hodhi ambalo hatujapata kuliona. Mashindano hayo yalirejea katika daraja ya dunia mwaka 2021, lakini siku hizi kwao ni Naivasha.

Wala mambo hayajabadilika sana. Mjukuu wangu yuko gredi ya saba katika skuli moja ya hapa kisiwani. Juzi nilimsikia akijisomea sauti kubwa juu ya pepo za msimu: kaskazi huvuma miezi fulani, kusi huvuma miezi fulani. Alizitaja bila ya kukosa hata moja. Nikamuuliza, “Na huu unaovuma saa hii ni upi?” Akaangalia kitabu. Dirishani kwetu nguo zilizoanikwa juu ya dari zilikuwa zikipepea, na bendera za Uwanja wa Tononoka zimenyooka kuelekea upande mmoja, lakini yeye alitafuta upepo kwenye ukurasa. Mtoto si mjinga. Amefunzwa kwamba upepo uko huko.

Na hili si dogo. Sisi ni watu wa kisiwa. Kila uchaguzi twaahidiwa uchumi wa buluu, na kila siku twalalamika kwamba kazi za bahari na bandari huchukuliwa na wengine. Tujiulize, mtoto asiyejua maji yatajaa saa ngapi kesho tutamwajiri baharini kwa kazi gani? Elimu ya babu zake ya kusoma nyota, ya kuhesabu mwaka kwa miongo ya siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, yaondoka na wazee wanaozikwa. Ile ya kisasa nayo haijamwingia kwa sababu haikugusana na chochote anachokiona. Amekosa huku na huku.

Wahenga walisema, usisafirie nyota ya mwenzio. Kwa hivyo sisemi tuwafuate mbwa wa Alaska, ingawa darasa lenye hamu laweza kuwafuata pia, wala haliharibiki. Nasema tuchukue mbinu yao tuitumie kwa mashindano yetu. Nayo tunayo, tena ya heshima.

Kila mwaka, mwishoni mwa Mfungo Sita, mji wa Lamu hujaa wageni wa Maulidi ya Riyadha, Maulidi yaliyoasisiwa na Habib Swaleh, Mungu amrehemu. Pamoja na kusoma na kuswali kuna michezo ya wiki nzima, na miongoni mwake ni mashindano ya punda na mashindano ya mashua za tanga. Kutoka Tononoka hadi Lamu, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 240. Hatuwezi kuwapeleka watoto wote, lakini simu yaweza kuwaleta hao mashua hadi darasani.

Hebu tuone mwalimu angesomesha nini. Kwanza kalenda. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11. Miaka hii Mfungo Sita umeangukia Agosti na Septemba, wakati wa kusi. Je, itachukua miaka mingapi mashindano hayo yaje kuangukia kaskazi? Mtoto atagawanya, na akipata jawabu ataelewa kwa nini nahodha kijana wa leo huenda akawa mtu mzima kabla hajashindana Maulidi kwa upepo mwingine. Pili maji. Mwisho wa mwezi mwandamo u karibu, basi na bamvua li karibu. Maji hujaa yakichelewa kama dakika 50 kila siku. Mtoto akianza kuandika saa za kujaa kwa maji Mombasa wiki moja kabla, aweza kukisia siku ya mashindano mkondo utakuwa ukienda upande gani, na kama utamsaidia nahodha au utampinga.

Tatu, jiometri, somo ambalo watoto wetu wanaliogopa kama zimwi. Chombo hakiwezi kuelekeza omo moja kwa moja kwenye upepo. Nahodha hana budi kubisha, akienda huku kisha huku. Tuseme anakata upepo kwa pembe ya nyuzi 60, na boya liko maili moja mbele yake upande wa upepo. Atakwenda maili ngapi? Mbili kamili. Mchoro mmoja ubaoni watosha kulionyesha hilo, na mtoto aliyeliona hatauliza tena pembe zina faida gani. Anayekata kwa pembe ndogo zaidi huenda njia fupi, lakini chombo chake hupungua mwendo. Nani amehesabu vyema? Tungoje tuone. Maneno hayo, “tungoje tuone”, ndiyo yanayokosekana katika madarasa yetu.

Nne, kumhurumia mnyama. Huko Alaska kuna watu wengi wanaoyalaumu mashindano ya mbwa, kwa kuwa mbwa kadhaa wamewahi kufa njiani, na walimu wa haki hawawafichi watoto lawama hizo. Sisi nasi tuna punda. Lamu ina hospitali ya punda tangu mwaka 1987. Mtoto na aulize: punda wa mashindano alikula nini, alibeba nini jana yake, na nani anamwangalia kwato? Hiyo ni sayansi na ni dini pia, kwa sababu tutaulizwa juu ya viumbe hawa wasiosema.

Kwamba mambo haya yawezekana kwetu, tumekwisha kuona mfano ulio karibu. Mwaka 2018 huko Lamu mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walimaliza kuunda jahazi kwa taka za plastiki kama tani 10, likafunikwa kwa vipande vya kandambili za rangi, likaitwa Flipflopi. Mwanzoni mwa 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, mwendo wa kama kilomita 500, likitua njiani na kuwafunza watoto na watu wazima juu ya taka za baharini. Hayakuwa mashindano, lakini ilikuwa safari inayokwenda, yenye tarehe, vituo na hatari ya kutofika. Watoto walioliona wametazama plastiki ufuoni kwa jicho jingine.

Nazisikia hoja tatu za kunipinga. Ya kwanza ni kamari. Mtoto akichagua mshindani, si tunamfunza kubashiri, katika nchi ambayo vijana wake wanamalizwa na ubashiri wa mipira kwenye simu? Hoja hii ni nzito na siidharau. Sharti mwalimu akataze kabisa kuwekeana pesa, hata peremende. Lakini naona somo hili lenyewe ni dawa. Mcheza kamari akikosa hupoteza pesa, akaenda kutafuta nyingine. Mwanafunzi akikosa huulizwa: ulikosea wapi, upepo au maji au kugawanya? Wa kwanza hutegemea bahati, wa pili hujifunza kuchunguza sababu. Aliyezoea kutafuta sababu si rahisi kuuziwa bahati.

Ya pili ni mtihani. Walimu watasema hawana nafasi. Mtihani wa zamani wa darasa la nane ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala wa umilisi tulionao unataka haya haya: mtoto atende, achunguze, aeleze. Tulichokifanya sisi ni kuugeuza uwe karatasi za manila na kazi za kununua, mzazi wa Majengo akachoka mfuko kwa vitu vya kutupwa Ijumaa. Mashindano ya mashua hayamtaki mzazi senti moja.

Ya tatu ni haya ya mwalimu. Mwalimu atasimama vipi mbele ya watoto aseme, “Mimi pia sijui”? Nadhani hofu hii ndiyo kubwa kuliko zote, ila haisemwi. Lakini wanavyuoni wetu wakubwa, wakiulizwa wasilolijua, husema “Allahu aalam”, na hakuna aliyewavunjia heshima. Heshima humtoka mwalimu anayejifanya kujua. Mwalimu anayepiga hesabu pamoja na watoto wake, akakosa pamoja nao, akarudi pamoja nao kutafuta kosa, huyo watamkumbuka uzeeni.

Kwa hivyo pendekezo langu ni dogo na laweza kufanywa Mfungo Sita ujao. Skuli moja tu ya Tononoka ianze, darasa moja. Iwe na ramani ya mkondo wa Lamu ukutani, karatasi ya saa za maji, na simu moja ya mwalimu. Huko Lamu atafutwe mwalimu mwenziwe atakayesimama gatini siku ya mashindano, apige simu kila mashua inapozunguka boya, ataje jina na dakika. Na wiki moja kabla yake aitwe nahodha mstaafu mmoja kutoka Bandari ya Kale, wapo bado, akae mbele ya watoto awaonyeshe foromali ni ipi, tezi ni ipi, na tanga hugeuzwa vipi. Asilipwe posho ya semina. Apewe kahawa na kiti kizuri, kisha watoto wamuulize watakavyo. Magazeti nayo yachape majedwali ya saa za mashua kama tuchapavyo yale ya mpira.

Huenda mashua waliyoichagua watoto wengi ikawa ya mwisho. Si kitu. Jioni hiyo watakwenda nyumbani wakibishana kwa nini, na katika ubishi huo kila mmoja atakuwa ametoa kichwa dirishani kuutafuta upepo.